Maji ya saa sita usiku: nani alijua, nani alikusudia

Kisa hiki kilitokea kwenye miteremko ya Kilimanjaro, upande wa Moshi Vijijini, pale ambapo migomba inaanza kupungua na mahindi yanaanza kutawala. Nilikishughulikia nikiwa msaidizi wa kisheria. Kata, mwaka na majina nimeviondoa, na hesabu ndogo ndogo nimezigeuza kiasi cha kutomtambulisha mtu. Mpangilio wa matukio umebaki ulivyokuwa. Nakiandika kwa sababu katika malalamiko mengi tunayopokea neno "makusudi" hutiwa kama chumvi, kila sentensi kidogo, na safari hii hata mimi nililitia kabla ya kuonja.

Watu ni wanne. Mzee, mwenye kihamba cha juu (kihamba ni shamba la nyumbani la Mchaga). Mama, mwenye kihamba cha chini, mjane, jirani na pia wa ukoo mmoja na Mzee. Kijana wa miaka 19, kibarua wa Mzee, mwenyeji wa Singida. Na mwenyekiti wa kamati ya mfongo, mzee wa siku nyingi ambaye kijiji kizima humwita Meku.

## Mazingira

Kwa asiyekulia huku: mfongo ni mfereji wa asili unaochukua maji kijitoni na kuyatembeza kwenye mteremko hadi vihambani. Hauna pampu wala mita. Una zamu. Maji ya mto ni mali ya umma, na tangu Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya 2009 kikundi kinachoyatumia kinatakiwa kuwa na kibali, ambacho kwa huku hutolewa na Bodi ya Maji ya Bonde la Pangani yenye ofisi zake hapo Moshi mjini. Lakini nani afungulie Jumatatu na nani angoje Alhamisi, hilo bado linaamuliwa na kamati ya mfongo na msaragambo wa kila mwaka, yaani kazi ya pamoja ya wanakijiji.

Maji ya usiku hayatumiki. Yanaingia kwenye nduwa, bwawa dogo la udongo, yanalala humo hadi asubuhi, kisha mwenye zamu anafungulia. Nduwa ya eneo hili ilikuwa na kizibo cha gogo la mgomba, kimefungwa kwa gunia na kukandikwa udongo. Kanuni ya kamati ilikuwa fupi: nduwa haiguswi usiku, atakayeigusa analipa faini. Kwenye msaragambo wa Julai, Meku alikuwa ameonya mbele ya watu wote, Mzee akiwemo, kwamba kizibo kimechoka na kinahitaji kubadilishwa. Kila mtu aliitikia, hakuna aliyebadilisha.

Mwezi wa Septemba ukafika, mkavu kama kawaida yake, vuli bado iko mbali. Mzee alikuwa amepanda miche 150 ya kahawa, ile ya aina mpya inayotoka kituo cha utafiti cha Lyamungu, na miche ilikuwa inasinyaa. Mama naye alikuwa amefyatua matofali 3,000 kwa ajili ya nyumba ya mwanawe, ameyapanga uani yakauke kabla ya kuchomwa. Tofali bichi likipata maji linarudi kuwa udongo, na hili analijua kila mtoto wa kijiji.

Kati yao kulikuwa na ugomvi. Wiki tatu kabla, Mama aling'oa mimea miwili ya masale (mmoja huitwa isale) ili apate nafasi ya kupanga matofali. Mzee akasema ile ndiyo ilikuwa mpaka. Mama akasema mpaka uko hatua nne juu zaidi. Jumapili moja jioni, kwenye kilabu cha mbege, pombe ya ndizi, mtu alimuuliza Mzee amefikia wapi na jirani yake. Akajibu: "Mwacheni tu. Maji yatamwonyesha mpaka."

Waliomsikia walikuwa kama kumi. Baadaye, kila niliyemhoji alikuwa mmoja wa hao kumi.

## Usiku wenyewe

Haya nayaandika kwa mfululizo nilioupata mwishoni, maana kwa siku mbili za mwanzo tulikuwa na nusu yake tu.

Jumanne, saa nne usiku, Mzee alimwagiza Kijana aende nduwani, alegeze kizibo kidogo, maji yaingie kwenye mfereji mdogo wa kihamba chake, kisha saa sita akafunge. Haikuwa zamu yake, wala haikuwa saa ya maji. Alijua yote mawili. Akaenda kulala.

Kijana alilegeza kizibo, akarudi chumbani kwake. Saa sita alipokwenda kufunga, kizibo hakikuwepo. Gogo lilikuwa limeoza katikati, limesukumwa na maji. Nduwa nzima ilikuwa inashuka. Alijaribu kuziba kwa gunia, likachukuliwa. Mfereji mdogo ulijaa, ukaanza kumwagikia kwenye mashimo ya kahawa, na mche wa kwanza ukalala chali, wa pili ukafuata.

Hapo alikuwa na njia tatu. Angeweza kukimbia hatua zipatazo arobaini hadi mwisho wa mfereji, azibue majani yaliyokuwa yameziba, maji yaende korongoni. Angeweza kupiga kelele, akaamsha watu wa juu na wa chini. Au angeweza kukata tuta la mfereji pale aliposimama, maji yashukie njia ya miguu inayoelekea uani kwa Mama. Alikata tuta. Miche ikapona karibu yote. Akasimama kidogo akiangalia maji yanavyoshuka, kisha akaenda kulala.

Alfajiri Mama alikuta matofali 2,400 yamekuwa tope, na mifuko miwili ya saruji imelowa. Kabla hata hajamaliza kuhesabu, Mzee alikuwa getini na jani la isale mkononi. Kijana alikuwa amemwambia tu kwamba kizibo kilivunjika usiku na maji yakamshinda.

Isale kwa Wachaga si mapambo. Ni mmea wa mpaka, na ndio huohuo mmea wa kuombea radhi. Anayeletewa jani la isale hatarajiwi kulikataa hata kama kosa ni kubwa. Mama alilikataa. Alisema, na sauti ikafika njiani: "Aliyelala hana sababu ya kuja na isale. Umekuja kwa sababu unajua ulichofanya."

## Maamuzi yaliyofanywa, na kwa nini

Ripoti yangu ya kwanza. Mtendaji wa kijiji aliniita siku hiyohiyo nimsaidie kuandika maelezo ya Mama. Niliandika: "Mlalamikiwa alifungulia maji usiku kwa makusudi ili kuharibu matofali ya mlalamikaji." Nilikuwa na nini mkononi? Maneno ya kilabuni, ugomvi wa mpaka, maji ya usiku nje ya zamu, na isale la alfajiri. Vikiwekwa pamoja vinasimulia vizuri sana. Mtendaji alikuwa tayari kupeleka jambo polisi kama uharibifu wa mali, na karatasi yangu ingekuwa ukurasa wa kwanza wa jalada.

Kuomba siku mbili. Kilichonizuia ni neno "ili". Nilipoisoma tena sentensi yangu jioni niliona nimeandika mambo matatu kwa pumzi moja: kwamba alifungulia, kwamba alijua maji yatafika kwa Mama, na kwamba alitaka yafike. La kwanza Mzee mwenyewe alilikubali bila kuzunguka. La pili na la tatu hakuna aliyekuwa amemuuliza. Nikamwomba Mtendaji asitume karatasi hadi tukaone eneo. Alikubali kwa shingo upande, kwa kuwa Mama alikuwa analia na watu walitaka jambo lionekane linakwenda.

Kwenda na Meku. Huu ndio uamuzi ninaojivunia, ingawa ulikuwa wa bahati zaidi kuliko busara. Nilimchukua kwa sababu funguo za ghala la kamati zilikuwa kwake. Alitembea kwenye mfereji mdogo polepole, fimbo mgongoni, akafika pale tuta lilipofunguka akachuchumaa. Akaweka kiganja kwenye ukingo. "Hapa maji hayakuvunja," alisema. "Maji yakivunja yanaacha mdomo wa mviringo, udongo unaporomoka huku na huku. Hapa pamekatwa. Ona, jembe limeingia mara tatu." Ukingo mmoja kwa kweli ulikuwa umenyooka kama kipande cha mkate.

Mzee alikuwa amesimama nyuma yetu. Nilimwangalia usoni. Alikuwa hajui.

Kumhoji Kijana. Tulimwita mbele ya kamati, watu kumi na mmoja. Aliamkia kila mmoja. Meku ndiye aliyeuliza, kwa upole wa babu na mjukuu. Kijana alikubali haraka kwamba alikata. Akasema alijua maji yatashuka, ila hakujua yatafika kwenye matofali. Mama akamjibu palepale: "Mwanangu, wiki iliyopita si wewe uliyenibebea udongo siku mbili? Si wewe uliyenipangia ile safu ya mwisho?" Kijana akainama. Alikaa kimya muda mrefu, halafu akasema maneno ambayo tangu siku hiyo nimeyaandika juu ya ubao kila ninapofundisha:

"Nilijua. Lakini sikutaka."

Kutenganisha mpaka na maji. Wajumbe walitaka kumaliza yote kikao kimoja. Tulikataa. Mgogoro wa mpaka ni wa ardhi, na tangu marekebisho ya sheria ya 2021 Baraza la Kata haliamui migogoro ya ardhi, linasuluhisha tu. Ikishindikana unaelekea Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Matofali ni suala jingine. Kuyachanganya kungerudisha maneno ya kilabuni mezani kila baada ya dakika tano.

Kumweleza Mama haki yake. Tulimwambia waziwazi kwamba suluhu ya fidia haimzuii kwenda polisi, na hatukuandika popote kwamba analipwa ili asiende. Sharti la namna hiyo lisingekuwa halali, na hata lingekuwa halali lingenuka. Akasema atafikiri. Hakwenda.

## Matokeo

Hasara ilikubaliwa kuwa shilingi 322,000: matofali 2,400 kwa shilingi 120 kila moja, na saruji shilingi 34,000. Mzee alilipa saruji na matofali 1,600, jumla shilingi 226,000, pamoja na faini ya kamati kwa kugusa nduwa usiku. Kijana alikubali kufyatua matofali 800 kwa mikono yake, Mama akitoa udongo na maji.

Kizibo kipya kiliwekwa wiki hiyohiyo, bomba la chuma lenye koki na kufuli. Ufunguo uko kwa Meku. Ningependa kusema kiliwekwa kwa hekima, lakini kiliwekwa kwa aibu.

Mpaka haujapata suluhu hadi naandika. Masale mawili yalipandwa upya, hatua mbili kutoka pale Mzee anapodai na hatua mbili kutoka pale Mama anapodai, na kila mmoja anasema ni ya muda.

## Uchambuzi

Nianze na kosa langu, kwa kuwa ndilo linalofundisha zaidi. Nilitafuta kusudi mahali palipokuwa na chuki. Ni kosa la kawaida. Tunapoona uharibifu tunauliza nani alikuwa na ugomvi na mwenye mali, na tukimpata tunaona kazi imekwisha. Lakini chuki ni hali ya moyo inayoweza kukaa miaka ishirini bila kunyanyua jembe. Kusudi ni uamuzi, una saa yake na mkono wake. Usiku ule uamuzi wa kupeleka maji kwa Mama ulifanywa kati ya saa sita na saa sita na nusu, na Mzee mwenye chuki alikuwa amelala. Aliyeufanya hakuwa na ugomvi na Mama hata kidogo; alikuwa amekula ugali wake wiki iliyotangulia.

Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, inalishughulikia hili kwenye kifungu cha 10. Kwanza inamwondolea mtu lawama ya jinai kwa tendo lisilotokana na utashi wake, au kwa tukio la ajali. Kisha inasema kwamba sababu iliyomsukuma mtu kutenda haina uzito katika kuamua kama ana wajibu wa kijinai, isipokuwa sheria yenyewe iseme vinginevyo. Hapo ndipo wengi huteleza. Sababu ya Kijana ilikuwa njema kwa macho yake: kuokoa kahawa ya mwajiri. Sababu njema haikuligeuza tendo la makusudi kuwa ajali. Vivyo hivyo chuki ya Mzee haikuligeuza tukio asilolijua kuwa la makusudi. Sababu inaweza kutusaidia kukisia mtu alikusudia nini, na inaweza kupunguza au kuongeza ukali wa adhabu, lakini haikai kwenye kiti cha kusudi.

Sasa "nilijua, lakini sikutaka". Katika mafunzo, nusu ya darasa humtetea Kijana hapa. Wanasema kusudi ni kutaka, asiyetaka hakukusudia. Mimi nawauliza: alipoinua jembe mara ya kwanza, alikuwa anajua maji yataelekea wapi? Mara ya pili? Mara ya tatu? Hakutaka matofali yaharibike kama mtu asivyotaka kulipa nauli, lakini anapanda gari. Ilikuwa gharama ya kile alichokitaka, akaikubali, ila kwa kuwa ilikuwa inatoka mfukoni mwa mwingine haikumuuma sana.

Sheria yetu inalifahamu jambo hili vizuri, ingawa mfano wake ulio wazi kabisa uko kwenye kosa zito zaidi. Kifungu cha 200, kinachoeleza dhamira ovu katika mauaji, kinahesabu ndani yake ile hali ya mtu kujua kwamba tendo lake yumkini litasababisha kifo, hata kama ujuzi huo uliambatana na kutojali, au hata na matumaini kwamba kifo kisitokee. Sisemi matofali ni mauaji. Nasema mtunga sheria alikwisha kukutana na Kijana wetu, akamsikia akisema "sikutaka", na hakuona kwamba neno hilo peke yake linatosha.

Na kosa la kuharibu mali, kwenye kifungu cha 326, linahitaji kwamba mtu ameharibu kwa makusudi na isivyo halali. Je, Kijana angetiwa hatiani? Sijui, na si kazi ya msaidizi wa kisheria kutabiri. Wakili wake angesema kulikuwa na giza, maji yalikuwa yanakimbia, hakuwa na muda wa kufikiri. Hoja hiyo ina nguvu, na mbele ya hakimu upande wa mashtaka unatakiwa kuthibitisha bila kuacha shaka ya msingi. Kinachonisumbua mimi ni kile kilichofuata baada ya kukata. Alisimama akaangalia. Nyumba ya Mama iko umbali wa kuitika. Mtu aliyetenda kwa kushtuka, akili ikimrudia, anapiga kelele. Yeye alikwenda kulala kwa sababu kelele zingefichua kwamba nduwa imeguswa usiku, na Mzee angemkata mshahara. Alikiri hilo mwenyewe. Kwa maoni yangu ule ukimya ni ushahidi wenye uzito kuliko jembe.

Kuhusu Mzee, watu walipumua waliposikia hakukata tuta, kana kwamba amesafishwa. Hakusafishwa. Aliagiza maji ya usiku akijua ni marufuku: hilo ni kwa kujua na kwa kusudi, moja kwa moja. Kilichobaki ni kama alijua kizibo kitaachia. Alisema hakujua. Lakini alikuwepo Julai Meku alipoonya. Hapa lazima tutenganishe ngazi ambazo Kiswahili chetu cha kila siku huzifunika kwa neno moja. Kuna kujua. Kuna kuwa na sababu ya kujua, kama sheria inavyosema kuhusu anayepokea mali ya wizi, akijua au akiwa na sababu ya kuamini kwamba ni ya wizi. Kuna kujifumbia macho, mtu anapokwepa kuuliza kwa kuwa jibu halitamfaa. Na kuna uzembe wa kawaida, wa kusahau. Nilipomuuliza Mzee kwa nini hakwenda mwenyewe kukagua kizibo, alijibu: "Ningekwenda ningeona kimeoza, halafu ningeshindwa kumwagilia." Jibu la uaminifu kabisa, na linamweka kwenye ngazi ya tatu bila msaada wa shahidi.

Katekista wa pale, aliyekuwa mjumbe wa kamati, alileta jambo ambalo sikulitegemea kikaoni. Alisema Katekisimu ya Kanisa Katoliki inataka mambo matatu ili dhambi iwe ya mauti: jambo lenyewe liwe zito, mtu awe anajua kikamilifu, na aridhie kwa hiari yake, na kwamba kujifanya hujui hakupunguzi hiari hiyo, kunaizidisha. Wazee waliokuwa wanasinzia wakati natamka vifungu waliamka. Nilijifunza kwamba tofauti kati ya kujua na kukusudia si ngeni kijijini. Watu wanaijua kanisani, wanaijua msikitini wanapomtofautisha aliyekula mchana wa Ramadhani kwa kusahau na aliyekula kwa makusudi. Wanaiacha mlangoni wanapoingia ofisi ya mtendaji, kwa sababu huko wamezoea kwamba neno likiwa kali ndipo jambo linasikilizwa. Na tangu 2021 Kiswahili kimekuwa lugha ya sheria na ya mahakama. Zamani neno la kijijini na neno la jalada yalikuwa ya lugha mbili, na katikati alikaa mtu wa kulipima. Siku hizi "makusudi" ya kilabuni yanaweza kuingia kwenye jalada yakiwa vilevile.

Isale nalo lilitupotosha, na hapa naona Mama alistahili kueleweka kuliko alivyoeleweka. Alilisoma kama kukiri. Mzee alipoulizwa alisema alilileta kwa mambo mawili: kwa maji aliyoyaiba, na kwa maneno ya kilabuni, ambayo alfajiri ile aliyakumbuka akaogopa. Kuomba radhi kunaweza kutokana na kusudi, na uzembe, na bahati mbaya tupu, hata na woga. Ukilifanya kila ombi la radhi kuwa ushahidi wa kusudi, watu watajifunza kutoomba.

Watu wengi pia walilalamikia mgao wa fidia. Kwa nini aliyekata tuta alipe kidogo na aliyelala alipe zaidi? Jibu ni kwamba fidia haipimi ubaya wa moyo. Matofali 2,400 ni 2,400, yawe yameharibiwa kwa kusudi au kwa uzembe. Katika madai tunauliza nani anapaswa kubeba hasara, na mwajiri hubeba madhara ya mtumishi wake aliyoyafanya katika kazi aliyomtuma. Uzito wa ushahidi nao ni mwingine, ni wa upande upi unaelekea zaidi kuwa kweli. Katika jinai kusudi ndilo roho ya kesi. Kwenye fidia mara nyingi ni pembeni. Tungeyaeleza haya kabla ya kutaja namba, tungepunguza manung'uniko. Tulitaja namba kwanza.

Kosa la mwisho ni zito kuliko yote, na halikuonekana siku ile. Tulimhoji Kijana mbele ya watu kumi na mmoja, mgeni, hana ndugu hata mmoja pale, na hakuna aliyemwambia kwamba anachokisema kinaweza kumfikia polisi. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 inatupa kazi ya kuelimisha watu haki zao. Mimi niliyekuwa na kazi hiyo nilikuwa nimeinamia daftari nikinakili. Alisema kweli kwa sababu alilelewa kusema kweli mbele ya wazee. Angekuwa mjanja kidogo angebaki na "sikujua yatafika", na mimi ningekuwa na kisa cha bahati mbaya. Kila mara nikilisimulia hili, darasa hunyamaza, kisha mtu huuliza kama ningependa asingekiri. Huwa najibu kwamba ningependa akiri akijua, ili na hilo nalo liwe la hiari yake.

Alimaliza matofali yake 800 kwa siku tisa. Siku ya mwisho alikwenda kwa Meku kuuliza kama mtu asiye Mchaga anaruhusiwa kupeleka isale. Meku akamwambia anaruhusiwa, majani yako kila mahali, achague analoliona zuri. "Ila," akamwita alipokuwa amekwishafika mlangoni, "usikate la mpakani."